Nilishuka garini na bastola kiunoni mbele ya shule ya mwanangu (Michigan). Je, nimevunja sheria?

mwana_wa_Nyarugusu:

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa Michigan, naomba msaada wenu kabla ya Jumatatu. Tafadhali msinigeuzie uzi huu kuwa ubishi wa bunduki nzuri, bunduki mbaya. Nina swali la sheria na tumbo linaniuma.

Niko Grand Rapids mwaka wa tisa. Nina kiduka cha vyakula vya nyumbani: unga wa muhogo, dagaa, mawese, na vitenge vichache. Mwaka juzi walinivunjia mara mbili, ya pili nikiwa humo ndani nahesabu mauzo. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyesema, nenda kafanye lile darasa. Nikaenda. Mafunzo masaa manane, matatu kati yake ni kulenga karatasi uwanjani, kisha alama za vidole, kisha dola 100 kwa karani wa kaunti, nikapewa leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, ile CPL. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, ambako bunduki ilikuwa ya polisi peke yao na mlinzi wa shule alikuwa mzee mwenye fimbo na redio. Ilinichukua mwezi kuuzoea uzito ule kiunoni.

Sasa, Jumanne iliyopita. Natoka dukani moja kwa moja kumchukua binti yangu, yuko darasa la pili. Foleni ya magari imefika hadi mlangoni, namwona anatoka amekumbatia volkano ya maboksi na gundi waliyoitengeneza darasani. Akateleza kwenye barafu. Volkano chini, yeye chini, damu kidevuni. Sikufikiri. Nilifungua mlango, nikaruka, nikamnyanyua. Mtoto aliyevaa koti la baridi kumbeba ni kama kubeba godoro, na langu likapanda mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaona ala na kitako cha bastola. Hakupiga kelele. Alirudi hatua mbili tatu, akamvuta mwanawe kwa kofia ya koti, kama mtu anayevuta mbuzi ambaye hataki kwenda. Picha hiyo hainitoki.

Jumatano mkuu wa shule akanipigia, kwa adabu kabisa. Nifike Jumatatu saa tatu asubuhi, na askari anayehudumia shule atakuwepo.

Maswali yangu. Darasani tuliambiwa mzazi anaruhusiwa kuwa na bastola ndani ya gari anapomshusha au kumchukua mtoto. Je, nusu dakika nje ya gari inaniondoa kwenye ruhusa hiyo? La pili, kila Alhamisi namchukua pia mtoto wa mdogo wangu, shule nyingine. Kwetu mimi ni baba yake, sina maelezo zaidi. Sheria ya hapa inaniita nani? La tatu ndilo linaloninyima usingizi: bado niko kwenye grini kadi, fomu ya uraia nimetuma Oktoba. Na baada ya yaliyompata Patrick Lyoya, yule Mkongomani aliyepigwa risasi na polisi akafa hapa hapa mjini kwetu, Aprili 2022, maneno "askari atakuwepo" mimi siyasikii kama mnavyoyasikia ninyi wa miji mingine.

Mangi_Dallas:

Pole kwa mtoto, kidevu kitapona. Mengine unajisumbua bure. Huku Texas tangu Septemba 2021 mtu mwenye miaka 21 asiye na makosa anabeba bastola bila leseni ya mtu yeyote. Mimi leseni sina na napeleka wanangu shule kila asubuhi, chombo kipo ndani ya kisanduku cha dashibodi kimeshiba risasi. Ni haki ya katiba hiyo. Waambie hivyo hivyo, wataogopa wao.

mkalimani_Lansing:

Kaka wa Nyarugusu, kwanza usimsikilize Mangi. Halafu Mangi anisikilize mimi, maana ana jambo zito kuliko lako na hana habari.

Mimi si wakili. Ni mkalimani wa mahakamani mwaka wa kumi na moja, na kesi za bastola nimezitafsiri nyingi kuliko za talaka.

Sheria ya leseni ya Michigan ina orodha ya mahali ambapo mwenye CPL hatakiwi kuingia na bastola iliyofichwa. Ya kwanza kabisa kwenye orodha ni shule na mali ya shule. Hapo hapo pametolewa mwanya mmoja: mzazi au mlezi wa kisheria wa mwanafunzi wa shule hiyo, akiwa ndani ya gari, anapomshusha au kumchukua. Haya si masharti ya kuchagua moja, yanakwenda pamoja. Uwe mzazi, uwe garini, uwe umekuja kwa shughuli hiyo. Ukitia mguu chini, ruhusa imebaki kwenye kiti.

Kuna kauchochoro. Sheria hiyo hiyo inasema maegesho ya magari hayahesabiwi kuwa sehemu ya mahali palipokatazwa. Ungekuwa umeegesha kwenye mstari wako, ukashuka kumfunga mtoto mkanda, wakili angekuwa na cha kusema. Ila wewe umetuambia mlangoni, penye barafu, watoto wakipita. Hapo mimi sioni maegesho.

Adhabu ya kosa la kwanza: si jinai, ni faini isiyozidi dola 500, na leseni inasimamishwa miezi sita. La pili ni jinai ndogo na leseni inafutwa. La tatu ni jinai kubwa, hadi miaka minne.

Jicho lako lisiishie kwenye hizo 500. Miezi sita bila leseni maana yake bastola hiyo haiwezi tena kutoka dukani kwenda nyumbani kiunoni mwako wala chini ya kiti. Michigan kubeba iliyofichwa, au kuwa nayo garini bila leseni, ni jinai kubwa, hadi miaka mitano. Na juu yake inakaa sheria ya serikali kuu.

Hapa ndipo Mangi afungue masikio. Tangu 1990 ipo sheria ya nchi nzima inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 kutoka uwanja wa shule. Iliwahi kuanguka, na iliangushwa na kesi ya huko huko kwenu Texas: kijana wa darasa la 12 mjini San Antonio alikutwa shuleni na bastola mwaka 1992, na mwaka 1995 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikasema Bunge lilivuka mipaka yake. Mwaka uliofuata Bunge likairudisha, likiongeza tu kwamba bastola yenyewe iwe imepita kwenye biashara kati ya majimbo. Haya, nitajie ambayo haijapita. Wanaosamehewa ni wachache: aliye kwenye mali binafsi, aliyeifungia bastola bila risasi kwenye kisanduku chenye kufuli, na mwenye leseni ya jimbo ilipo shule hiyo. Leseni, Mangi. Texas kusema huhitaji leseni hakukupi leseni. Ukipita mbele ya shule na chombo kimeshiba risasi ndani ya kisanduku cha dashibodi, kwa Austin, yaani jimbo lako, uko sawa, kwa Washington, yaani serikali kuu, uko ndani ya futi 1,000 bila msamaha, na kifungo chake ni hadi miaka mitano. Futi 1,000 ni kama mita 300. Katika mji mkubwa niambie barabara ipi haimo.

Kaka, na wewe ukienda Indiana kwa shemeji, kumbuka neno hilo: leseni ya jimbo ILIPO shule. Ya Michigan inakulinda Michigan.

Kuhusu mtoto wa mdogo wako. Sheria imeandika mzazi au mlezi wa kisheria. Baba mkubwa hayumo. Neno "baba mkubwa" nimelitafsiri mbele ya hakimu mara kadhaa, na kila nikisema "uncle" kwa lugha yao najua nimeangusha kitu njiani, ila lao ni hilo moja tu. Mlezi wa kisheria ni mwenye karatasi ya mahakama. Huna karatasi, Alhamisi bastola ibaki dukani.

Uraia. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Grini kadi si kinga. Kosa la faini lisilo la jinai kwa kawaida halihesabiwi kuwa hatia ya namna hiyo, lakini usijaribu bahati. Wakikupa tiketi usiilipe kwa posta ili mambo yaishe haraka, kulipa ni kukiri. Wakili wa uhamiaji aisome kwanza. Na fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Ukiandikiwa, utasema. Kuficha kutakuumiza kuliko kosa lenyewe.

Jumatatu nenda bila bastola, na gari liwe tupu. Omba mkalimani, hata kama Kiingereza chako kinakutosha kuuza dagaa. Usijieleze mwenyewe kwa nusu saa. Na siku nyingine yoyote askari akikusimamisha barabarani ukiwa umeibeba, Michigan inakudai umwambie mara moja, kabla hajauliza. Mikono juu ya usukani, kisha useme. Ukinyamaza ni faini ile ile na miezi sita ile ile.

mwana_wa_Nyarugusu:

Kaka mkalimani, Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Ya baba mkubwa imenichoma. Mtoto yule nimemfundisha kuendesha baiskeli.

Swali dogo: mbona mtu mmoja wa darasa letu la bastola aliniambia kwamba ikionekana, yaani haikufichwa, shuleni ni halali? Yangu si ilionekana?

mkalimani_Lansing:

Ah, hiyo. Orodha niliyokutajia inazungumzia bastola iliyofichwa, ndiyo maana miaka ile walitokea watu wenye leseni wakaingia shuleni imening'inia wazi, wakisema hapo sheria haituhusu. Mmoja alihudhuria tamasha la kwaya la shule mjini Ann Arbor namna hiyo, mwaka 2015. Ukumbi mzima unaimbiwa na hakuna anayesikiliza. Kesi ya Ann Arbor na nyingine ya mji wa Clio zikafika Mahakama ya Juu ya Michigan, na Julai 2018 ikaamua kwamba bodi za shule zinaweza kutunga katazo lao wenyewe. Kwa hiyo hata askari asipokuandikia chochote, shule inaweza kukuambia usikanyage uwanja wake, na ukikanyaga unashtakiwa kwa kuingia mahali ulipokatazwa. Na yako haikuwa imebebwa wazi, kaka. Koti lilipanda. Usiende Jumatatu na hoja ya darasani.

Nimesahau jambo. Orodha ile ina mahali pengine: vituo vya kulelea watoto, hospitali, baa, na kanisani mpaka kiongozi wa kanisa akuruhusu. Kituo cha kulelea watoto hakina mwanya wa mzazi kama shule.

mwana_wa_Nyarugusu:

Kanisani??

mkalimani_Lansing:

Kanisani. Msikitini pia, na sinagogi.

mwana_wa_Nyarugusu:

Mimi ni mhudumu wa mlangoni. Ngoja nimpigie mchungaji.

Mama_Basi_la_Njano:

Ndugu, pole. Naandika kutoka kusini-mashariki mwa Michigan, mimi ni Mkenya, naendesha basi la shule. Sheria mkalimani ameimaliza. Nataka kukuambia juu ya yule mama aliyerudi nyuma.

Mara kadhaa kwa mwaka watoto wetu hufanya zoezi la kujificha. Taa zinazimwa, mlango unafungwa, watoto wa miaka sita wanakaa sakafuni kwenye kona isiyoonekana dirishani, na mwalimu anawaambia tunacheza mchezo wa kunyamaza. Mwanangu wa mwisho alirudi nyumbani akaniuliza viatu vyake vya kumetameta taa, vile vinavyowaka ukikanyaga, kama vitamfanya aonekane. Tulivipa kanisa.

Oxford ya huku Michigan si mbali na njia yangu. Tarehe 30 Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wanne katika shule ya pale, wa miaka 14 hadi 17, kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne kabla. Siku zilizofuata vitisho vilizagaa, shule nyingi za upande wetu zikafungwa, basi langu likakaa bure. Mwaka 2024 baba na mama wa kijana yule walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, kila mmoja miaka 10 hadi 15. Wazazi, si mtoto peke yake. Kwa hiyo mama yule hakukuona wewe muuza dagaa. Aliona kitako cha bastola na mlango wa shule, kwa wakati mmoja.

Sasa nikuulize kama dada. Ukirudi nyumbani usiku, hiyo bastola inalala wapi?

mwana_wa_Nyarugusu:

Juu ya kabati. Ndani ya soksi.

Mama_Basi_la_Njano:

Na risasi?

mwana_wa_Nyarugusu:

Ndani yake.

Mama_Basi_la_Njano:

Ndugu yangu! Tangu Februari 2024 Michigan ina sheria: kama nyumba ina watoto au hufika watoto, bunduki usiyokuwa nayo mwilini iwe haina risasi na ifungwe kwa kufuli, au iwe ndani ya sanduku lililofungwa. Mtoto akiichukua akamuua mtu, mwenye bunduki anaweza kufungwa hadi miaka 15. Na kabati? Mtoto anayejenga volkano hashindwi na kabati. Achana na Jumatatu kwanza. Shughulikia soksi leo, kabla ya chakula cha jioni. Kufuli za waya hutolewa bure na vituo vingi vya polisi, na ukiona huwezi kwenda polisi mwenyewe, sema hapa, tutapata mtu wa kukuletea.

Mangi_Dallas:

Nimekaa kimya siku mbili. Nimempigia jamaa yangu ambaye ni wakili Fort Worth, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Amesema mkalimani yuko sahihi kuhusu futi 1,000, na ameniongezea kwamba ndani ya jengo la shule Texas yenyewe inafunga miaka miwili hadi kumi, leseni au bila leseni. Mimi Desemba niliingia ukumbini kwenye mchezo wa watoto wa Krismasi. Sitasema nilikuwa na nini.

Leseni bado inatolewa, dola 40 na darasa la nusu siku. Nimejiandikisha. Kumbe wanaosema leseni haina kazi tena hawajui lolote.

mwana_wa_Nyarugusu:

Nimerudi kuwapa habari, maana mlinibeba.

Soksi imekwisha. Siku ile ile mke wangu alikwenda kituoni akaletewa kufuli ya waya, hakuulizwa hata jina. Risasi ziko kwenye kopo la bati chumba kingine.

Jumatatu nilikwenda. Nilivaa shati la kanisani, nikachomekea, mtu aone kiuno kitupu. Mkuu wa shule, askari, mimi, na mkalimani kwenye simu mwenye Kiswahili cha Mombasa kitamu mpaka nikawa nasahau kujibu. Askari aliomba leseni, nikampa, akaiandika namba. Aliniuliza swali moja: ulishuka kwa nini? Nikasema mwanangu alianguka. Akamtazama mkuu wa shule, mkuu akasema ndiyo, muuguzi wetu alimfunga bandeji kidevuni. Niliishia hapo hapo, kaka mkalimani, ingawa mdomo ulikuwa unawasha.

Tiketi hakuandika. Shule imenipa barua: nisitoke tena garini nikiwa na silaha kwenye mali yao, ikitokea tena nitazuiwa kuingia uwanjani. Nimepeleka nakala kwa wakili wa uhamiaji, dola 150 za kusoma ukurasa mmoja. Amesema ibaki kwenye faili, na nikiulizwa kwenye usaili nisimulie ilivyokuwa.

Nilimwomba mkuu wa shule anipe jina la yule mama nikamwombe radhi. Alikataa, lakini akasema nikiandika barua atampelekea. Nimeandika mistari minne. Mke wangu alifuta mmoja, ule wa wezi wa dukani. Alisema huyo mama hakuuliza kuhusu duka lako.

Alhamisi mtoto wa mdogo wangu anachukuliwa na shangazi yake. Mimi nimenunua kisanduku cha chuma cha garini. Natoka dukani, natoa risasi, naifungia humo, ndipo naenda kwenye foleni ya shule. Leseni inaniruhusu kuwa nayo kiunoni nikikaa garini, najua. Lakini barafu bado ipo mpaka Machi, na mimi najijua.

jirani_wa_Kalamazoo:

Samahani kwa kuingilia, kisanduku ulinunua wapi na bei gani? Na mimi nina watoto wawili.

mwana_wa_Nyarugusu:

Duka la vifaa vya uwindaji, dola 40. Chukua chenye waya mnene wa kufungia kwenye chuma cha chini ya kiti, la sivyo mwizi anabeba vyote. Na chukua cha ufunguo. Cha namba za kuzungusha nilianza nacho, asubuhi ya baridi zikaganda, nikarudisha.